Kabla Greda Halijaingia: Jinsi Wanyamapori Wanaolindwa Wanavyotathminiwa Kwenye Eneo la Upanuzi wa Dampo



Safu yetu ya elimu kwa umma katika toleo hili inahusu jambo ambalo limezungumzwa sana katika mikutano ya vijiji tangu Halmashauri ilipotangaza kusudio la kupanua dampo la taka ngumu. Dampo lililopo limekaribia kujaa. Siku za soko taka hulala kwenye maghuba kwa sababu magari yakifika dampo husubiri zamu ya kumwaga, na masika barabara ya ndani haipitiki. Kwa sababu hiyo imependekezwa kuongeza eneo kuelekea upande wa mashariki, mahali penye kichaka cha asili kinachoteremka hadi kwenye kijito.

Katika mmojawapo wa mikutano hiyo, mama mmoja anayeishi jirani na dampo alisimama akauliza swali ambalo ndilo lililozaa makala haya: "Watoto wetu wanakohoa kwa moshi wa taka. Inakuwaje wataalamu waje kuhesabu komba na ndege kabla ya kutujengea dampo?" Mkutano ulimpigia makofi. Baada yake mzee mmoja alisema kuwa kichaka kile hakina mnyama yeyote wa maana. Yeye amekipita miaka mingi akitafuta kuni na hajaona kitu. Mzee mwenzake akamjibu kwa upole: "Umepita mchana, ndugu yangu. Usiku nani ameingia?"

Kauli hizo zote zinastahili kujibiwa kwa heshima. Somo hili linaeleza tathmini ya wanyamapori ni nini, hufanywaje, na kwa nini swali la mama yule na kazi ya kuhesabu komba si mambo yanayopingana.

Sheria inataka nini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaelekeza kwamba mtu au taasisi yoyote inayokusudia kuanzisha mradi wa aina zilizotajwa, ikiwamo miradi ya kutupa na kuhifadhi taka, ifanye kwanza Tathmini ya Athari kwa Mazingira kwa gharama zake. Tathmini hiyo hutangulia kuanza kwa mradi, na hufanywa na wataalamu waliosajiliwa. Taarifa yao hupelekwa kwenye chombo cha taifa cha mazingira, ambacho wengi tunakifahamu kwa jina la NEMC, ili ikaguliwe kabla ya cheti kutolewa.

Hapa mkazi aelewe jambo moja muhimu. Katika shauri hili Halmashauri ni mwombaji. Haiwezi kujipa cheti yenyewe, wala Baraza la Madiwani haliwezi kuamua kwa kura kwamba eneo halina wanyama. Tunatakiwa kuthibitisha, kama vile mwekezaji mwingine yeyote angetakiwa kuthibitisha.

Sheria ya pili ni ile ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009. Msingi wake ni kwamba wanyamapori wote nchini ni mali ya umma iliyowekwa chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Mnyama aliye kwenye kichaka nyuma ya dampo hana tofauti, kwa maana ya umiliki, na mnyama aliye ndani ya hifadhi ya taifa. Kumwinda au kumkamata bila kibali ni kosa popote alipo.

Mnyama "anayelindwa" ni yupi?

Wataalamu wanapoingia uwandani huwa na orodha tatu mkononi, nazo hutazamwa kwa pamoja.

Orodha ya kwanza ni ya sheria zetu za nchi, inayoeleza ni wanyama gani hawaruhusiwi kabisa kuwindwa na ni wepi huwindwa kwa leseni.

Ya pili inatokana na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, unaojulikana kama CITES, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Mfano ulio karibu nasi ni kakakuona. Mwaka 2016 nchi wanachama zilikubaliana kumpandisha katika daraja la juu kabisa la ulinzi, kwa sababu magamba na nyama yake vimemfanya awindwe kupita kiasi. Wazee wetu walimheshimu mnyama huyu; palipo na mila ya kumtumia kutabiri mwaka, alipoonekana alipelekwa kwa viongozi. Leo anayemwona akiwa hai ameona kitu adimu.

Ya tatu ni Orodha Nyekundu ya IUCN. Hii si sheria. Ni kipimo, mfano wa kipimajoto, kinachoonyesha kiumbe fulani yuko karibu kiasi gani na kutoweka duniani. Mwaka 2015 aina kadhaa za tumbusi wa Afrika, wakiwamo tumbusi mgongo-mweupe na yule mdogo anayependa kuzunguka majalala na machinjio, ziliwekwa katika daraja la hatari kubwa kabisa. Ndege ambao tumezoea kuwaona wakirukaruka juu ya taka wanaweza kuwa miongoni mwa wanaohitaji ulinzi kuliko swala wa mbugani.

Kazi ya uwandani

Tathmini huanza mezani. Wataalamu husoma ramani, picha za satelaiti na kumbukumbu za tafiti zilizopita, kisha huandika hadidu za rejea, yaani orodha ya maswali ambayo uchunguzi lazima uyajibu. Swali lisiloandikwa hapa kwa kawaida halijibiwi baadaye. Ndiyo maana maoni ya wakazi hutakiwa mapema.

Baada ya hapo huingia porini. Hakuna njia moja inayoona wanyama wote, kwa hiyo kila kundi lina njia yake:

* *Wanyama wa ardhini.* Hupimwa mistari iliyonyooka ndani ya kichaka, na wachunguzi huitembea taratibu wakiandika nyayo, vinyesi, mashimo na mikwaruzo kwenye vichuguu. Kakakuona hula mchwa na siafu, kwa hiyo kichuguu kilichochimbuliwa ni ushahidi unaofaa kufuatiliwa.
* *Wanyama wa usiku na waoga.* Kamera hufungwa kwenye miti kando ya vijia, nazo hujipiga zenyewe mnyama anapopita. Hukaa hapo siku nyingi mfululizo bila mtu kuwapo.
* *Komba.* Hutafutwa kwa tochi, kwa kuwa macho yao huakisi mwanga, na kwa kusikiliza. Aina nyingi za komba hufanana mno kwa umbo, lakini kila aina ina mlio wake. Mlio ulionaswa kwa kinasa sauti ndio unaotofautisha komba wa kawaida na komba wa Rondo, mnyama mdogo wa takribani gramu 60 anayepatikana Tanzania tu, katika misitu michache ya ukanda wa pwani, ukiwamo ule wa Pugu na Kazimzumbwi.
* *Sange.* Huyu mwenye pua ndefu hujenga kiota cha majani makavu ardhini. Wachunguzi huhesabu viota.
* *Ndege.* Husikilizwa na kuhesabiwa alfajiri, katika vituo vilivyopangwa, kwa muda ulio sawa kila kituo.
* *Vyura.* Hutafutwa kandokando ya kijito usiku, hasa mvua zinapoanza, kwani ndipo madume huita.
* *Popo.* Milio yao mingi haisikiki kwa sikio la mwanadamu. Hunaswa kwa kifaa maalumu.

Sasa tunaweza kumjibu mzee aliyesema hajaona kitu. Hakudanganya. Alipita mchana, akiwa na shoka na mazungumzo, katika saa ambazo wanyama wengi wa kichaka kile wamelala au wamejificha. Katika taaluma hii kutoonekana kwa mnyama si uthibitisho kwamba hayupo. Kwa sababu hiyohiyo, ziara moja ya siku mbili katika kiangazi haitoshi kuandika kwamba eneo ni tupu. Uchunguzi unaoaminika hugusa angalau msimu wa mvua na msimu wa ukame.

Mkazi anayesoma taarifa ya tathmini aanze na ukurasa unaotaja tarehe za kazi ya uwandani. Tarehe hizo humwambia mengi kuhusu uzito wa yaliyofuata.

Dampo nalo hubadili wanyama

Si kukata miti peke yake kunakoathiri wanyamapori. Dampo huleta mambo manne ambayo tathmini hulazimika kuyapima.

La kwanza ni chakula. Mabaki huvuta panya, mbwa wasio na wenyewe, nyani, mwewe na korongo wakubwa wenye mfuko shingoni. Huvuta pia kunguru wa India, ndege aliyeingizwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye hula mayai na makinda ya ndege wetu wa asili. Taka zikiachwa wazi, kunguru huongezeka na ndege wa kichaka hupungua, hata kama hakuna mti uliokatwa.

La pili ni sumu. Mtu akiweka sumu ili kuua mbwa au panya, tumbusi atakayekula mzoga hufa pia. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa kawaida, hivyo kuwafidia waliokufa huchukua miaka.

La tatu ni maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka. Hayo hufuata mteremko, na katika eneo letu mteremko huelekea kwenye kijito.

La nne ni moto. Taka zinazooza hutoa gesi inayowaka, na moto wa dampo lisilofunikwa udongo huweza kuingia kichakani wakati wa kiangazi.

Fundisho la Kihansi

Wapo wanaodhani kwamba kiumbe mdogo hawezi kutikisa mradi mkubwa. Historia ya nchi yetu inasema vinginevyo.

Katika korongo la Mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, ulijengwa mradi wa umeme wa megawati 180. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kuanza, watafiti waligundua chyura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hakuwahi kuandikwa popote. Aliishi katika takribani hekta 2 tu, mahali palipoloweshwa daima na manyunyu ya maporomoko ya maji, na hakupatikana kwingine kokote duniani. Mitambo ilipoanza kutumia maji ya mto, manyunyu yalipungua mno na makazi yake yakakauka.

Zilifanyika juhudi kubwa za kumwokoa. Mabomba ya kunyunyizia maji yalijengwa katika korongo ili kuiga manyunyu ya asili. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa na kuzalishwa. Hata hivyo waliobaki korongoni walipungua ghafla, ugonjwa wa ukungu ukiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa, na mwaka 2009 IUCN ikatangaza kwamba chyura wa Kihansi ametoweka porini. Mwaka 2012 ndipo vyura waliozalishwa ughaibuni walipoanza kurejeshwa katika makazi yao.

Hakuna anayesema umeme haukuhitajika. Fundisho ni kwamba uchunguzi wa kina wa viumbe wa korongo lile ulikuja baada ya ujenzi kuanza, na yale ambayo yangepangwa kwenye karatasi yakalazimika kutengenezwa kwa mabomba, ndege za kuvuka bahari na miaka mingi ya kazi. Halmashauri ya wilaya haina uwezo wa kubeba gharama za namna hiyo.

Ngazi nne za uamuzi

Mnyama anayelindwa akithibitika kuwapo, mradi haufi papo hapo. Wataalamu hupanda ngazi nne, moja baada ya nyingine, bila kuruka.

1. *Kuepuka.* Je, mpaka wa upanuzi unaweza kusogezwa? Sheria ya mwaka 2004 tayari inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto. Ukanda huo ukiachwa na kuunganishwa na sehemu nene ya kichaka, sehemu kubwa ya viumbe inaweza kubaki na njia yake ya kupita.
2. *Kupunguza.* Kwa mfano, kusafisha eneo nje ya msimu wa kuzaliana, kuweka utando mzito chini ya shimo ili maji meusi yasipenye, kujenga bwawa la kuyakusanya, kufunika taka kwa udongo kila siku, na kuweka uzio.
3. *Kurejesha.* Sehemu ya dampo la zamani iliyojaa hufungwa, hufunikwa na kupandwa miti ya asili ya hapa hapa.
4. *Kufidia.* Hii ni ngazi ya mwisho: kulinda au kustawisha eneo jingine badala ya lile litakalopotea. Haikubaliki kuanza nayo kwa sababu tu ni rahisi kuiandika.

Ikiwa ngazi zote zimepandwa na bado madhara ni makubwa, jibu sahihi ni kutafuta eneo jingine. Hatutaficha kwamba jibu hilo lina bei yake: safari ndefu zaidi za magari ya taka, mafuta zaidi, na muda zaidi wa kusubiri. Ndiyo maana tunataka kulijua sasa, kabla fedha ya umma haijalala chini ya magurudumu ya greda.

Komba na kikohozi cha mtoto

Turudi kwa mama yetu. Anayo haki kamili ya kulalamikia moshi. Mwaka 1988 mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, alilifikisha mahakamani suala la dampo lililokuwa likifukiza moshi na harufu katikati ya makazi, na Mahakama Kuu ikakubaliana naye. Baadaye, jiji lilipoomba kuendelea kutumia eneo lile, Mahakama ilikataa na kueleza kuwa kuhatarisha afya za watu kwa namna hiyo kunagusa haki yao ya kuishi. Tangu wakati huo hakuna halmashauri inayoweza kusema kwamba haikujua.

Lakini tutazame tathmini inavyofanya kazi. Mtaalamu anayemtafuta chyura katika kijito anapima maji yaleyale ambayo watoto huoga na akina mama huteka kiangazi. Anayependekeza taka zifunikwe kila siku ili kunguru wasizidi anaondoa pia inzi na moshi. Uzio unaomzuia nyani humzuia na mtoto asiokote chupa zenye sindano. Utando unaookoa kichaka huokoa kisima. Mahali ambapo wanyama wa porini wanaendelea kuishi vizuri kando ya dampo, mara nyingi dampo hilo linaendeshwa vizuri kwa binadamu pia.

Kinyume chake, mradi ulioruka tathmini huweza kusimamishwa kwa amri ukiwa nusu njia. Hapo kichaka kitakuwa kimekwisha kukatwa, fedha imetumika, dampo la zamani limejaa kabisa, na mtoto bado anakohoa. Njia fupi ndiyo ingemchelewesha mama yule zaidi ya wote.

Nafasi yako wewe mkazi

Wataalamu hukaa porini siku kadhaa; wewe umekaa hapa maisha yako yote. Sheria inaitambua nafasi hiyo na inataka wananchi washirikishwe. Unaombwa kufanya yafuatayo:

* Hudhuria mkutano wa kijiji utakaotangazwa kwenye mbao za matangazo, na uhakikishe maoni yako yameandikwa katika muhtasari wa mkutano.
* Toa taarifa ya mnyama uliyemwona kwa kutaja mahali, mwezi, saa na alichokuwa akifanya. "Nimesikia komba wakilia nyuma ya dampo saa tatu usiku, mwezi wa nne" ina thamani kuliko "wapo wanyama wengi".
* Ukimwona kakakuona, mwarifu afisa wanyamapori au Afisa Mtendaji wa Kata kwa faragha. Usitume picha na mahali alipo kwenye makundi ya WhatsApp. Majangili nao husoma.
* Usiingie kichakani kutega, kuchoma wala kukata ili "kusafisha" kabla ya wataalamu kufika. Kufanya hivyo ni kosa, na huharibu ushahidi ambao ungeweza kuharakisha uamuzi.
* Taarifa ikikamilika, omba kusoma muhtasari wake wa Kiswahili. Muhtasari huo huandikwa kwa lugha isiyo ya kitaalamu ili usomwe na kila mtu.
* Waokota taka wanaofanya kazi ndani ya dampo wanaombwa kwa namna ya pekee kutoa maelezo yao. Wao huwa dampo alfajiri na jioni, saa ambazo ofisi zimefungwa na wanyama wametoka.

Maswali ya kujadili katika kitongoji

1. Kwa nini uchunguzi wa siku mbili wakati wa kiangazi hautoshi?
2. Orodha Nyekundu inatofautianaje na sheria ya nchi?
3. Ukipewa ramani ya upanuzi, ungeanza kuangalia nini kati ya kijito, makazi na kichaka, na kwa nini?
4. Iwapo eneo jingine litapendekezwa, kitongoji chako kiko tayari kupunguza na kutenganisha taka majumbani ili dampo lililopo lidumu hadi jipya likamilike?

Swali la nne halina jibu kitabuni. Hata hivyo ndilo litakaloamua tutapata muda kiasi gani wa kufanya kazi hii vizuri. Ganda la ndizi na majani ya mchicha yanayobaki shambani kama mbolea hayajazi dampo, na kila tela lisilokwenda dampo wiki hii ni nafasi tunayoinunua bila kumwondoa komba wala kumfukiza mtoto.

Maoni yapokelewe na Afisa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, kwa maandishi au kwa mdomo. Asiyejua kuandika asibaki nyuma. Mtendaji anawajibika kumwandikia na kumsomea alichoandika kabla hajaweka dole gumba.